Chakula cha moto na plastiki: mwongozo kwa jikoni za Dar es Salaam

Kontena la plastiki lililokaa kabatini na mchele mkavu ndani yake halina cha kukutia hofu. Kontena hilohilo likimiminiwa mchuzi wa nazi unaochemka, likafungwa mfuniko, likabebwa kazini mpaka saa saba mchana, hapo mambo yamebadilika. Mwongozo huu unahusu tofauti hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya mtu anayeishi Dar es Salaam, anayekula kwa mama lishe, anayechota maji kwa dumu, na ambaye hawezi kuamka kesho akatupa vyombo vyake vyote na kununua vya kioo.

Ukishindwa mengine yote yaliyomo humu, shika hili moja: kitu cha moto kisiguse plastiki. Hapo utakuwa umeondoa sehemu kubwa ya tatizo, na mara nyingi bila kutoa hata shilingi.

Nini kinatoka, na kinatokaje

Kiwanda kinapotengeneza plastiki huchanganya ndani yake vitu vya kuilainisha, vya kuipa rangi na vya kuikinga na jua. Vingi kati ya hivyo havijafungamana na plastiki yenyewe. Vimekaa tu ndani yake, vikipata njia vinatoka. Njia zenyewe ni joto, mafuta, ukali wa ndimu au siki, muda mrefu, na uchakavu wa chombo. Sasa uangalie mlo wetu wa Pwani: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kachumbari iliyokamuliwa ndimu. Joto lipo, mafuta ya tui yapo, ukali upo. Ukiupakia wote kwenye kontena asubuhi ili uule mchana, umeongeza na muda.

Kemikali zinazotajwa zaidi ni tatu. Ya kwanza ni bisfenoli A, wengi huiita BPA. Hutumika kutengeneza polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na pia utando unaopakwa ndani ya makopo ya vyakula. Umbo lake linakaribiana na homoni ya estrojeni, hivyo mwili unaweza kuipokea kana kwamba ni homoni yake. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani ikafanya hivyo 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikishusha mara 20,000 kile kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila wasiwasi, na mwishoni mwa 2024 Umoja huo ukaamua kuiondoa karibu kabisa kwenye vyombo vya chakula. Marekani haijafika huko. Kwa miaka mingi mamlaka yake imeshikilia kwamba kiasi kinachokutwa kwenye vyakula ni salama.

Ya pili ni ftaleti, ambazo ni vilainishi vinavyoifanya PVC, plastiki ya mabomba na mipira ya maji, ikunjike. Hizi hupenda mafuta, na zimehusishwa na kuvuruga homoni, hasa kwa watoto wa kiume wakiwa bado tumboni. Ya tatu ni stairini, inayotokana na vyombo vyeupe vya povu. Mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliipandisha kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu.

Wanasayansi bado wanabishana kuhusu kiasi gani hasa kinadhuru, na nisingependa mtu yeyote asome haya akadhani kikombe kimoja cha uji kitamuua. Ila ninapoona mama mjamzito anamiminiwa supu inayotoka motoni kwenye mfuko wa plastiki, na bakuli la bati lipo palepale mezani, sioni sababu ya kusubiri mabishano yaishe.

Hatua ya kwanza: pindua chombo usome namba

Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu ndogo ya mishale yenye namba ndani yake. Ukiwa na nafasi jioni moja, toa vyombo vyote vya plastiki jikoni uvipange sakafuni kwa namba zake.

1. PET. Chupa za maji, za soda, na za mafuta ya kula ya lita moja. Imetengenezwa kwa vitu vya baridi. Ikifika nyuzi 70 hivi huanza kulegea, ndiyo maana ukiijaza chai ya moto inajikunja.
2. HDPE. Madumu ya njano, chupa nyingi za maziwa, baadhi ya ndoo.
3. PVC. Mabomba, mipira ya kumwagilia maji, na baadhi ya nailoni za kubana za kufunikia vyakula.
4. LDPE. Nailoni na mifuko laini inayoonesha, hivi tunavyoviita vifungashio.
5. PP. Makontena mengi ya chakula, vikopo vya mtindi, ndoo ngumu. Kati ya plastiki zote za jikoni hii ndiyo inayovumilia joto zaidi. Huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi.
6. PS. Vyombo vya povu, na vile vikombe vyepesi vya sherehe vinavyopasuka ukivibana.
7. Nyinginezo. Humu ndimo iliko polikaboneti, pamoja na mchanganyiko wa kila namna.

Namba inakwambia ni plastiki ya aina gani, basi. Haikuhakikishii usalama. Muuzaji akikwambia "hii namba tano, weka chochote," mshukuru lakini usiweke chochote. Kwa chakula, 1, 2, 4 na 5 zinafaa maadamu ni baridi. 3, 6 na polikaboneti mimi huziweka mbali na chakula kabisa. Chombo kisicho na namba, kisicho na alama ya glasi na uma (alama ya vyombo vya chakula), na kisichoonesha kimetengenezwa wapi, kihamishie kwenye vibanio vya nguo au sabuni. Tangu 2019 usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo alama yao ya ubora ni kitu cha kutafuta unaponunua.

Melamini haionekani kama plastiki. Ni zile sahani na mabakuli mepesi yenye maua, yanayodunda yakianguka, ambayo nyumba nyingi za Dar zinayo kwa ajili ya wageni. Mwaka 2013 watafiti wa Taiwan waliwapa watu supu ya moto ya tambi kwenye mabakuli ya melamini na ya kauri, na waliotumia ya melamini wakakutwa na melamini nyingi zaidi kwenye mkojo. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula inashauri vyombo hivi visipite nyuzi 70. Weka matunda, weka kashata, weka maandazi yaliyopoa. Mchuzi unaochemka uende kwenye bakuli la udongo.

Hatua ya pili: tenganisha plastiki na moto

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa zaidi.

Pita saa tano asubuhi kwenye vibanda vya chakula Buguruni, Tandika au Mbagala, utakuta sufuria kubwa ya wali imepaliwa mkaa juu ya mfuniko. Mfuniko ukifunuliwa, mara nyingi kuna nailoni imetandazwa juu ya wali, wakati mwingine ni mfuko uliopasuliwa ubavuni. Kazi yake ni kuzuia mvuke usitoroke, ili wali uive upesi na mkaa usiishe. Kwa mtu anayepika kilo nyingi kila siku hiyo si sababu ndogo, na anayemkemea mama lishe bila kumpa njia nyingine hamsaidii. Lakini mvuke ule umefika nyuzi 100, na nailoni ya namba 4 huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, ikiwa imeshalegea kabla ya hapo. Pembeni, inapogusa ukuta wa sufuria, joto huzidi. Angalia ukingo wa nailoni ikishatolewa: ukiwa umejikunja, umekuwa mgumu au umetoboka, kile kilichokosekana huenda kimebaki kwenye wali.

Njia nyingine zipo, tena ni za hapahapa. Jani la mgomba, lipitishe kidogo juu ya moto lilainike, ulilaze juu ya wali, halafu mfuniko. Linabana mvuke vizuri na linaacha harufu nzuri. Kama migomba haipo jirani, loweka kitambaa cheupe cha pamba, kikamue, kizungushe kwenye ukingo wa mfuniko ili pengo lizibe. Na mfuniko mzito, au wenye kitu kizito juu yake, unafanya kazi ileile. Haya ni kwa wali, na pia kwa ndizi, mihogo na magimbi.

Maandazi ni hatari zaidi ya wali, nami nashangaa hayatajwi. Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 170 mpaka 190. Hiyo inapita kiwango cha kuyeyuka cha karibu kila plastiki ya jikoni, pamoja na namba 5. Sasa maandazi, sambusa au vitumbua vinatoka kwenye karai, vinachujwa kidogo, na moja kwa moja vinaingia kwenye ndoo ya plastiki iliyotandikwa nailoni, kisha mfuniko. Vinatokwa jasho humo ndani, mafuta ya moto yamegusana na plastiki kila upande. Dawa yake ni dakika chache tu. Vitandaze kwanza kwenye ungo au sinia la bati mpaka uweze kuvishika bila kupuliza vidole, ndipo viingie ndooni. Ndani tandika kitambaa safi. Usitandike gazeti, kwa sababu wino wake nao haukutengenezwa kwa ajili ya kuliwa, na mafuta huunyonya.

Chips ni habari hiyohiyo. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na jiji likapumua. Lakini chips mayai ya saa mbili usiku bado huishia kwenye kifungashio laini kinachoonesha, na ukiishika unaona mvuke umeifanya plastiki inate kwenye mayai. Chombo cheupe cha povu si nafuu. Hicho ni namba 6, na kinachoingia humo kina mafuta na joto kwa pamoja. Sahani ya kulia palepale ni bora, au chombo chako mwenyewe.

Kubeba chombo kunatia haya mwanzoni. Watu huhofia muuzaji ataona unamdharau, au atakupunjia. Nimeona ikifanyika vizuri kwa kusema mapema, kabla hajaanza kupakua:

"Shikamoo mama. Naomba wali maharage, uniwekee humu."

"Marahaba mwanangu. Hicho kikontena nitajuaje kipimo?"

"Pima kwenye sahani yako kwanza, halafu mimina."

Akishapima kwenye sahani hakuna ugomvi. Siku ya tatu au ya nne anakuwa ameshakizoea kile chombo, na naye hajatumia kifungashio chake, ambacho hununua kwa fedha. Kontena la bati lisiloshika kutu lenye vibanio, au lile la ghorofa mbili au tatu linalobebwa kwa mpini, ndilo linalofaa kwa kazi hii.

Hotpoti nyingi zina tatizo lililojificha. Nje zinafanana zote. Fungua uangalie ndani: nyingine zina bakuli la bati, nyingine ni plastiki tupu, na hizi za pili zimetengenezwa hasa ili kushikilia chakula cha moto kwa saa nyingi, yaani joto na muda kwa pamoja. Kama yako ni ya plastiki ndani, tia chakula kwenye bakuli la bati lenye mfuniko, kisha bakuli zima liingie kwenye hotpoti.

Chai na kahawa hazina tabu. Chupa ya chai ya kawaida ina kioo au bati ndani. Wauza kahawa wa Kariakoo bado wanamimina kwenye vile vikombe vidogo vya kauri, na naomba waendelee. Uji wa barabarani ndio wa kuangalia: unatoka kwenye ndoo ya plastiki, unaingia kwenye kikombe cha plastiki, na umekaa humo tangu alfajiri. Nenda na kikombe chako. Ndoo ya muuzaji huna uwezo nayo.

Kwa walio na maikrowevu nyumbani au ofisini: maandishi yanayosema chombo kinafaa kwa maikrowevu yanamaanisha hakitapinda wala kuyeyuka. Hayasemi kwamba hakitoi kitu. Hamishia chakula kwenye sahani ya kauri au bakuli la kioo, ukifunike kwa sahani nyingine.

Hatua ya tatu: mtoto mchanga

Kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha cha mtoto. Mwili wake ni mdogo, anakula chakula kilekile kila siku, na viungo vyake bado vinajengwa.

Anayenyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita hana shida hii kwenye chakula chake. Anayehitaji maziwa ya kopo, zingatia kilichopatikana mwaka 2020 na watafiti wa chuo cha Trinity cha Dublin: chupa za kunyonyea za PP zikichanganyiwa maziwa kwa maji ya moto zilitoa chembechembe za plastiki zisizoonekana kwa macho, hadi milioni 16 kwa lita. Maji yalivyozidi kuwa moto, na chembe zikazidi. Tatizo ni kwamba huwezi kutumia maji ya baridi, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya unga yachanganywe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70 ili kuua vijidudu. Njia ya kupita katikati ni hii: changanya kwenye jagi la kioo au kikombe cha bati kwa maji ya moto inavyotakiwa, koroga humohumo, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo uyahamishie. Chupa ikishachemshwa, iache ipoe na uisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa kabla ya kuijaza. Usiitikise ikiwa na kitu cha moto ndani.

Na kwa kweli chupa yenyewe si ya lazima. Kliniki za mama na mtoto hufundisha kulisha kwa kikombe na kijiko, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha. Kikombe cha bati kinamaliza mambo yote mawili. Akianza uji wa lishe, bakuli lake liwe la bati na kijiko kiwe cha bati, na uji upoe kwenye sufuria.

Chupa za watoto za zamani, ngumu, zinazong'aa kama kioo na zisizosema chochote kuhusu BPA, zilizotoka kwa shangazi au zilizonunuliwa kwenye mitumba, zisitumike. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati waligundua kwamba maji yanayochemka yalifanya polikaboneti itoe BPA kwa kasi hadi mara 55 ya ilivyokuwa kwenye maji ya kawaida. Chupa mpya na ya zamani zilitenda sawa; kilicholeta tofauti ni moto.

Hatua ya nne: maji

Kwanza kipindupindu. Maji yasiyochemshwa yana hatari ya leo na kesho, na hakuna kemikali ya plastiki inayotangulia hapo. Chemsha maji. Ila yaache yapoe kwenye sufuria lake lililofunikwa, usiku kucha ikiwezekana, kabla ya kuyamimina kwenye ndoo yenye koki. Wengi huyamimina yakiwa bado yanatoa mvuke ili sufuria ipate nafasi ya ugali.

Chupa za maji za dukani hutengenezwa kwa kutumia antimoni kidogo, ambayo ni aina ya madini, na joto huisukuma kutoka. Katoni zilizopangwa nje ya duka kwenye jua la Januari, au chupa iliyosahaulika kwenye gari lililofungwa madirisha pale Ubungo, si za kunywa ukiwa na hiari. Nunua zilizokaa ndani au kwenye friji. Chupa tupu ukiitumia tena siku mbili tatu kwa maji baridi hakuna neno. Usiijaze chai wala juisi ya ukwaju ya moto, na usiifanye ya kudumu.

Mpira wa kujazia matanki na mapipa watu hawaufikirii. Mingi ni PVC, tena laini, yaani imejaa vilainishi, na ya kumwagilia bustani haikutengenezwa kwa maji ya kunywa. Maji yaliyolala ndani ya mpira uliotandazwa uani juani hutoka ya moto na yenye harufu. Hayo ya mwanzo yaelekeze kwenye ndoo ya kufulia au kwenye maua ya mapambo, kisha ndipo uingize mpira kwenye pipa. Ukimaliza, utoe maji yote na uuweke kivulini.

Madumu ya njano yaliyokuwa na mafuta ya kula yanafaa, maadamu unajua yalikotoka. Plastiki hii hunyonya kilichowekwa ndani yake. Tia maji ya uvuguvugu kidogo, funga, acha kwa saa moja, kisha fungua unuse. Likinuka mafuta ya taa, dawa ya wadudu, dizeli au kitu usichokitambua, hakuna sabuni itakayoliokoa. Libaki la ujenzi. Vivyo hivyo ndoo za rangi. Najua ni imara na zina mfuniko mzuri, na nyumba nyingi zinahifadhia maji au unga humo. Zisitumike kwa kinacholiwa.

Mapipa ya bluu ya lita 200 yanahitaji maswali makali zaidi. Mengi huletwa nchini yakiwa na kemikali za viwandani. Tafuta mabaki ya lebo au alama zenye ukingo mwekundu: fuvu, mwali wa moto, kitu kinachomwagikia mkono, samaki aliyekufa. Ukiona yoyote kati ya hizo, au ukiona lebo imekwanguliwa makusudi, usinunue. Anayeuza mapipa ya aina hii kwa ajili ya maji ya kunywa ni wa kuripotiwa kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo inayosimamia kemikali za viwandani na majumbani.

Chupa kubwa za maji za ofisini, zile zinazopinduliwa juu ya mashine, nyingine ni PET na nyingine ni polikaboneti. Soma chini. Kama msambazaji wako ana za namba 1, omba hizo, na zisikae dirishani.

Achari, mafuta na vitu vinavyokaa muda mrefu

Achari ya ndimu au ya maembe ina chumvi, ukali na mafuta, na inakaa miezi. Iweke kwenye chupa ya kioo, hata ile ya jamu au asali iliyooshwa vizuri. Samli, karanga za kusaga na pilipili ya kusaga vilevile. Mchele, unga, maharage na sukari havina shida kwenye plastiki. Samaki na nyama vya kugandisha pia havina shida, ila vitoe kwenye mfuko kabla ya kumwagia maji ya moto ili viyeyuke.

Kuosha na kuaga vyombo

Plastiki ioshwe kwa sponji laini na sabuni ya kawaida, kwa maji ya uvuguvugu. Stilwaya inaacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mlango mpya. Kontena likishapata rangi ya bizari isiyotoka, limeshanyonya mafuta ya mchuzi. Likishakuwa na ukungu mweupe, likinata, au likibaki na harufu baada ya kukauka, limefika mwisho kwa chakula. Lipe kazi ya misumari au vifungo.

Tafadhali usilipe kazi ya kuwashia jiko. Kuwasha mkaa kwa nailoni au vipande vya ndoo ni desturi ya nyua nyingi jijini, na moshi wake mweusi anauvuta aliyeinama kupuliza, mara nyingi na mtoto mgongoni. PVC ikiungua inaweza kutoa dioksini, ambazo ni sumu zinazokaa mwilini kwa miaka. Vifuu vya nazi vinashika moto vizuri, na vijiti vikavu vilevile.

Ukianza kununua

Fuata mpangilio huu: kikombe na bakuli la mtoto, kisha kontena la bati la kubebea chakula, kisha bakuli mbili tatu za udongo au kioo za michuzi, kisha jagi. Miko usinunue ya plastiki nyeusi. Baadhi ya vyombo vyeusi vya jikoni vimekutwa na kemikali za kuzuia moto, zilizotokana na mabaki ya vifaa vya umeme vilivyoyeyushwa upya. Watafiti wa Marekani waliolitangaza hilo mwaka 2024 walikosea hesabu ya kiwango cha hatari, wakairekebisha, lakini kemikali zenyewe zilikuwemo. Mwiko wa mti upo kila gulio. Kawa ya ukindu inafunika sahani ya chakula cha moto vizuri kuliko nailoni, nayo inaacha mvuke upumue.

Unapohama kutoka plastiki, uwe makini na unapokwenda. Sufuria nzito zinazosubuliwa mitaani kwa vyuma chakavu vya alumini zimekutwa na madini ya risasi katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, kwa sababu mfuaji hajui kila kipande kilitoka kwenye nini. Chukua bati lisiloshika kutu. Kama sufuria uliyonayo ni ya alumini, ipikie wali na ugali bila wasiwasi, ila juisi ya ukwaju, mchuzi wa nyanya au samaki wa ndimu usiache vilale humo. Vihamishie kwenye bakuli la udongo vikishaiva.